Samaki Hakuvaa Glavu

Siku niliyokaribia kufa nilikuwa nacheka. Natanguliza hilo ili mtu asidhani kulikuwa na dhoruba au papa. Nilikuwa nimesimama ndani ya chumba cha matangi, kwenye kituo chetu cha utafiti kule Kigamboni, mikono yote miwili imezama ndani ya tangi la kioo hadi juu ya viwiko. Nilikuwa namhamisha Mama Mkwe kutoka jiwe moja kwenda jingine, na mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ametoa utani wa kijinga kuhusu mahari.

Mama Mkwe ni anemoni. Kwa asiyemjua, anemoni ni mnyama wa baharini anayejishikiza kwenye mwamba na kutulia hapo, mlaini, mwenye vidole vingi vinavyopepea na maji, na kila kidole kina sumu. Samaki mdogo akikigusa, kazi imekwisha. Isipokuwa samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, ambaye anaishi humo humo kwenye vidole, analala humo, anataga pembeni yake. Anemoni anamlinda samaki, na samaki anafukuza wanaokuja kumla anemoni na kumwachia kinyesi chake kama mbolea. Nimetumia utu uzima wangu wote kuuliza swali moja: kwa nini yule samaki hachomwi?

Jibu fupi ni kwamba anachomwa, mwanzoni. Samaki mgeni haingii kwa pupa. Anagusa kwa ncha ya mkia, anachomwa, anaruka nyuma. Anarudi. Anagusa kwa tumbo, anachomwa kidogo, anajitikisa, anarudi tena. Baadaye ute unaofunika mwili wake unakuwa umebadilika, na anemoni anamchukulia kama mtu wa nyumbani. Ukimtenga kwa muda mrefu, akirudishwa anaanza hodi upya. Ndiyo maana tukampa yule anemoni mkubwa jina la Mama Mkwe. Kwake huingii kichwa kichwa.

Kituoni tulikuwa na desturi. Mwanafunzi mpya, siku yake ya kwanza, anaitwa mbele ya tangi, anakunja mkono wa shati na kuingiza kidole kwa Mama Mkwe. Anachomwa kidogo, kama kuguswa na upupu, anaruka, sisi tunapiga makofi na mtu mmoja anapiga vigelegele. Kuanzia hapo anaitwa shemeji. Desturi hiyo sikuianzisha mimi. Niliikuta kwa mwalimu wangu, mzee ambaye sasa amestaafu na anaishi Kipawa, aliyenifundisha kila kitu ninachokijua kuhusu maisha ya kutegemeana baharini. Sheria yake ilikuwa moja: mikono mitupu. Glavu, alisema, inamkwangua samaki ute wake, na ukimkwangua ute umemvua kinga. Na hilo ni kweli. Lakini akaongeza na lake, ambalo sisi vijana tulilipenda kuliko ile sayansi: "Samaki hakuvaa glavu. Alikwenda akachomwa mpaka akakubalika."

Mimi nililishika neno hilo kama mtu anavyoshika dini. Mnielewe. Nimezaliwa bara, kwenye migomba na baridi, kwa wazazi waliokuwa wanakwenda ibada ya kwanza kila Jumapili na hawakuwahi kuiona bahari mpaka walipokuja kwenye mahafali yangu. Mama alipoiona mara ya kwanza aliuliza maji yote haya ni ya nani. Chuoni wenzangu wa pwani walinicheka kwa namna nilivyokuwa naogelea, wakasema mtu wa bara baharini ni mgeni wa siku zote, hata akikaa miaka. Sasa mtu kama huyo ukimwambia kwamba kuna njia ya kukubalika, kwamba ni kuchomwa kidogo kidogo na kuvumilia, unadhani atavaa glavu?

Na niliona nakubalika. Kadiri miaka ilivyopita, viganja vyangu viliacha kuhisi mchomo. Nilikuwa nikiwaonyesha wageni: naingiza mkono mzima kwa Mama Mkwe na uso wangu hautikisiki. Wageni walishangaa, nami nilivimba kichwa. Kweli, baada ya kazi, mikono ilinitoka vipele. Mwanzoni vilikuwa vinaishia kwenye vifundo, baadaye vikapanda mpaka kiwikoni, halafu begani. Kuna jioni nilifika nyumbani Chamazi kifua kinabana na napumua kama filimbi, nikasema ni vumbi la barabara yetu, ambalo kwa kweli lingeweza kumbana hata ng'ombe. Mume wangu, karani wa bandarini, mtoto wa Temeke, aliniangalia mkono akaniambia umeumuka kama andazi. Nikamjibu kwamba ndivyo mwili unavyozoea. Nilimweleza na habari za ute. Hakubishana, kwa sababu kwenye mambo ya samaki mimi ndiye msomi wa nyumba.

Basi siku hiyo nikiwa nacheka, Mama Mkwe alijikunja ghafla na kunilalia ndani ya mkono, pale kwenye ngozi laini ya juu ya kiwiko ambayo sikuwa na mazoea ya kumpa. Haikuuma sana. Nikaendelea kucheka. Kisha viganja vikaanza kuwasha, halafu nyayo, jambo lililonishangaza, maana nyayo zangu zilikuwa ndani ya buti. Midomo ikawa mizito. Nikataka kumwambia mwanafunzi ashike jiwe, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba, kama inatoka kwenye tundu la sindano. Nilivuta pumzi na pumzi haikuja.

Wanafunzi walidhani natania, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutania. Nakumbuka mmoja alipiga makofi. Halafu nikaona sakafu inanikaribia, na kitu cha mwisho nilichokiona ni Mama Mkwe akiwa amenyooka tena kwenye jiwe lake jipya, vidole vyote wazi, ametulia kabisa.

Walinipakia kwenye gari la kituo na kunikimbiza Temeke, kwenye hospitali ndogo ya binafsi ambayo dereva aliijua. Daktari wa zamu alikuwa mama wa Kihindi, Mshia, mtu mzima aliyezaliwa na kukulia hapo hapo mjini, mwenye mtandio mweusi na Kiswahili cha Temeke kisicho na kona. Alinichoma sindano ya paja kupitia kwenye suruali, hakusubiri hata nivuliwe. Baada ya muda hewa ikaanza kuingia. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama ile hewa, na ilikuwa inanuka dawa ya kusafishia sakafu.

Nilipoweza kukaa nilimsalimia shikamoo, kwa kuwa sikujua la kusema. Akaitikia marahaba mwanangu, akavuta kiti, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza. Akataka kuona mikono. Akaigeuza geuza, akauliza vipele vilianza lini na vilikuwa vinafika wapi. Nikamweleza pia habari ya viganja kuacha kuuma, na bila kujitambua nikawa nimeanza kumfundisha: kwamba samaki naye huanza kwa kuchomwa, kwamba ni suala la muda, kwamba labda mimi nilipumzika sana wakati wa likizo na ilibidi nianze upya taratibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe si samaki, mwanangu."

Akaendelea bila kupandisha sauti. Ngozi ya viganja, alisema, imekuwa ngumu tu kama ya mtu anayeshika jembe, ndiyo maana husikii. Lakini damu imekuwa inasikia siku zote. Kila mara sumu ilipoingia kidogo, mwili wangu haukuwa unaizoea, ulikuwa unaitayarishia vita. Vile vipele vilivyokuwa vinapanda mkono havikuwa kukubalika. Vilikuwa ni vita vinavyosogea. Na mwili wa mtu ukishafika hapo, kupumzika hakuufanyi usahau. Mara nyingine, akasema, huenda sindano isikuwahi.

Nikamuuliza nikivaa glavu je. Akaniuliza kama maji ya tangi yanarukaga, kama ute unabaki kwenye taulo, kwenye ndoo, kwenye vitasa vya milango. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema nisirudi ndani ya chumba kile, na nisiingie baharini penye mnyama huyo. Nilimwambia huyo mnyama ndiyo kazi yangu. Akasema amesikia, na akanyanyuka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Nimesoma sana juu ya mshtuko. Nimeona samaki waliopoteza ute wakirudishwa kwenye anemoni, wanavyokakamaa kwa mara ya kwanza. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kukaa nyumbani kwake wiki nzima katika hali hiyo hiyo. Nilikaa kwenye kochi sebuleni Chamazi, siku za mechi nikasikia kelele za uwanja wa mpira wa jirani zinapanda na kushuka, na sikuweza hata kukasirika, mimi ambaye huwa nakasirikia kila kitu. Nilichokuwa najirudia ni kimoja tu: nilikuwa naisoma ile dalili kila siku kwa macho yangu, na niliisoma kinyume. Mtu asiyejua chochote kuhusu samaki angekwenda hospitali kwa kile kipele cha kwanza. Ilihitaji mtaalamu kufanya kosa langu.

Mume wangu alijitahidi kuhuzunika. Lakini nilimwona anavyolala usingizi mzito, mtu ambaye alikuwa haachi kugeuka siku ninazokwenda kupiga mbizi. Asubuhi moja alisema kwa upole kwamba kuna kazi za ofisini, kuna kufundisha. Nikamrushia maneno ambayo siyaandiki hapa. Halafu nikaoga, nikavaa, nikamwambia nakwenda Kipawa kwa mwalimu.

Nilikuwa na tumaini, na tumaini lenyewe lilikuwa na mantiki. Mwalimu alikuwa mpiga mbizi hodari kuliko wote, halafu katikati ya ubora wake aliacha maji na kuingia darasani, akasema wakati wa kuandaa vijana umefika. Wote tulimheshimu kwa hilo. Mtu kama yeye, nilijiambia, amekutana na kila balaa la baharini. Atajua njia. Kutakuwa na dawa, nguo maalumu, namna fulani ya kurudi kwa hatua. Njia nzima nilikuwa naandaa maswali.

Nilimkuta barazani amevaa kandambili, anamenya karanga, ndege zinapita chini chini juu ya paa lake kama kawaida ya Kipawa, na kila moja ikipita anasita kuongea mpaka iishe. Nilimwamkia, akanikaribisha, akaita chai. Nikamsimulia yote: kicheko, kiwiko, sauti nyembamba, sindano ya paja. Nilitegemea ataniuliza maswali ya kitaalamu, maana ndivyo alivyo. Hakuuliza hata moja. Aliendelea kumenya karanga na kuziweka kwenye sahani, na sahani ikajaa, na hatukula.

Nikamwuliza, "Mwalimu, nitarudije majini?"

Ndege ikapita. Alisubiri iishe.

"Hurudi," akasema. "Hata mie sikurudi."

Kwanza sikuelewa. Nilidhani anasema habari za uzee. Akaweka karanga chini, na bila kunitazama akanieleza. Hali kama yangu ilimkuta ndani ya maji, kwenye miamba, mbali na pwani. Alitolewa akiwa amevimba uso hata aliyemtoa hakumtambua. Aliyekuwa naye siku hiyo alikuwa nahodha wa boti tu, akamwomba asiseme. Akapona. Akangoja kidogo, akaenda tena kwa mikono mitupu, kwa sababu naye aliamini anaanza upya kama samaki, na ikamkuta tena vibaya zaidi. Ndipo alipotangaza kwamba amechagua darasa.

Kikombe cha chai nilikuwa nimekishika na sikukihisi kama ni cha moto. Nilikuwa nahesabu. Darasa aliloingia baada ya kutoka majini ndilo darasa langu. Alinifundisha mikono mitupu akiwa tayari anajua. Siku ile aliponiita mbele ya tangi, nikaingiza kidole, nikaruka, na yeye mwenyewe akapiga makofi, alikuwa anajua.

"Kwa nini hukusema?"

"We wajua tulivyokuwaga," akasema. "Mtu wa bara. Walikuwaga wananicheka, wananiambia bahari si yetu, rudi kwenye ng'ombe wenu. Nikajenga jina. Sasa nikasimame niseme bahari imenikataa? Wangesema si tulikwambia. Nikadhani ni mimi tu. Nikadhani ni damu yangu mbovu, na nyie damu zenu nzima."

Kama angesema sababu nyingine yoyote ningejua cha kufanya na hasira yangu. Lakini sababu ile niliijua. Ilikuwa yangu. Nilimwangalia yule mzee, na nikajiona mimi mwenyewe nimekaa barazani na sahani ya karanga, miaka ijayo, nimesema kwa watu kwamba nimechagua darasa. Tayari nilikuwa nimeanza. Kituoni nilikuwa nimetuma ujumbe kwamba kilichoniangusha siku ile ni malaria.

Aliniuliza kama ninamlaumu. Nikasema ndiyo, Mwalimu, nakulaumu. Akatikisa kichwa kukubali, na machozi yakamtoka, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona hata akipenga kamasi mbele za watu. Sikumfariji. Nilitaka, lakini wakati ananiuliza swali lile, nilikuwa nimekumbuka kwamba ilikuwa siku ya kuwahamisha samaki, na kwamba kwenye chumba cha matangi kuna vijana watatu niliowafundisha mwenyewe.

Nilipiga simu. Hawakupokea, na nilijua kwa nini: mikono yao ilikuwa ndani ya maji.

Kutoka Kipawa mpaka Kigamboni siikumbuki njia. Nakumbuka tu nilimwambia kijana wa bodaboda apite popote anapojua, na kwamba kwenye foleni ya daraja nilikuwa naongea peke yangu, na yeye akageuka kuniuliza, "Sista, uko poa?" Nikamwambia twende.

Mlango wa chumba cha matangi ulikuwa wazi. Nikasimama kizingitini. Harufu ile ya chumvi na uozo mdogo, ambayo nimeivuta miaka yote kama harufu ya nyumbani, ilinipiga, na koo likajibana lenyewe, sijui kwa ugonjwa au kwa woga. Sikuthubutu kuinua mguu. Walikuwa wameinamia tangi la Mama Mkwe, wote watatu, mashati yamekunjwa mpaka mabegani. Wakaniona wakafurahi. Mmoja akasema madam amepona malaria.

"Toeni mikono," nikasema.

Wakacheka. Walidhani ni mtihani, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawatania hivyo, nawaambia toeni, na anayetoa ndiye anayeshindwa. Mmoja akaizamisha zaidi ili anionyeshe. Nikashika mwimo wa mlango na nikasema lile ambalo mwalimu wangu alishindwa kulisema, nalo lilikuwa gumu kulitoa kuliko pumzi ya siku ile.

"Sina malaria. Ni huyo. Kila aliponichoma sikuwa nazoea, nilikuwa naumwa, na nilikuwa sijui. Daktari amesema akinigusa tena naweza kufa. Humo ndani siingii tena maisha yangu. Toeni mikono."

Wawili wakaitoa taratibu, maji yanatiririka kwenye buti zao, wananiangalia kama mtu aliyeongea lugha nyingine. Wa tatu alikuwa binti mmoja mkimya, mtu wa Singida, ambaye katika wote ndiye aliyekuwa haruki kabisa akichomwa, na nilikuwa nikimsifu kwa hilo mbele ya wenzake. Yeye alikuwa wa mwisho kutoa. Hakuifuta mikono. Akaja mpaka karibu na kizingiti, akasimama upande wake na mimi upande wangu, akavuta ukosi wa shati chini kidogo na kunionyesha. Vipele vilikuwa vimepita bega, vimefika shingoni.

"Na mie vinanitokaga, madam," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Nilidhani ndo nakubalika."